Mkojo unavuja baada ya kutolewa kizazi: mrija wa figo unaweza kutengenezwa kwa matundu madogo?

"Salaam daktari. Nina miaka 41, naishi Busia upande wa Uganda, nauza mitumba. Wiki tisa zilizopita nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukinitoa damu nyingi. Siku ya nane, nikiwa nyumbani, nikaanza kulowa. Haja ndogo naenda kama kawaida, lakini pedi hazikauki mchana wala usiku. Zahanati ya kwanza walinipa dawa za kibofu kilicholegea. Baadaye nikapigwa picha ya tumbo ya CT, wakasema mrija wa figo ya kushoto umeumia na figo imejaa maji, ila kipimo cha damu kinaonyesha figo ziko sawa. Daktari mmoja anataka kunipasua tena palepale, mwingine anasema itafanyika kwa matundu madogo ya kupitishia kamera, wa tatu ananiambia ningoje miezi mitatu. Jirani anasema nipunguze kunywa maji. Mama mkwe anasema kuna mtu kanifunga. Je, figo yangu itapona? Matundu madogo ni bora kweli au ni kunimalizia pesa? Nitarudi sokoni?"

Dada, pole sana. Karibu wiki nane za kulala juu ya plastiki na kuogopa kukaa kwenye kiti cha mtu si jambo dogo, na naona umekwenda mlango hadi mlango mpaka ukapata CT. Umefanya vizuri. Ugonjwa wako unajulikana, una jina (fistula ya mrija wa figo, yaani njia isiyo ya kawaida inayovujisha mkojo ukeni), na unatibika. Ninachotaka uelewe leo ni kwamba maswali yako ni mawili na umeyaunganisha kuwa moja. La kwanza ni jinsi ya kuilinda figo, na hilo halisubiri. La pili ni mrija utengenezwe kwa njia gani, na hilo lina nafasi ya kufikiriwa.

Ulichosema karibu kwa kupita, kwamba haja ndogo unaenda kama kawaida lakini pedi hazikauki, ndicho kinachonipa jibu. Mtu ambaye kibofu chake kimetoboka tundu kubwa kwa kawaida hana cha kwenda kukojoa, kwa sababu mkojo wote umeshatoka kabla hajafika chooni. Mtu ambaye kibofu kimelegea hulowa akikohoa, akicheka, akinyanyua mzigo. Wewe unalowa hata umelala usingizi, na bado kibofu kinajaa. Maana yake figo ya kulia inapeleka mkojo kwenye kibofu kama siku zote, na ile ya kushoto inamwaga wake kwenye njia nyingine, kupitia kidonda cha juu ukeni pale kizazi kilipokatwa. Vidonge vya kibofu visingeweza kukusaidia. Hata ungevimeza mwaka mzima.

Kuna kipimo kidogo cha kuthibitisha hilo, na hakihitaji mashine. Tunaweka vipande vitatu vya pamba nyeupe ukeni, kimoja juu ya kingine, kisha tunajaza kibofu maji yenye dawa ya rangi ya buluu kwa kutumia mpira wa mkojo. Mama anatembea ukumbini kama robo saa, halafu tunavuta pamba moja moja. Nakumbuka mama mmoja aliyekwisha kuambiwa na watu watatu kwamba kibofu chake kimetoboka. Pamba ya chini ilitoka kavu, ya katikati ina unyevu, ya juu imelowa chepechepe, lakini zote hazikuwa na hata doa la buluu. Maji yaliyoilowesha yalikuwa ya manjano hafifu. Buluu ilibaki yote ndani ya kibofu. Aliitazama ile pamba mkononi mwangu, akauliza, "Kwa hiyo kibofu changu ni kizima?" Kilikuwa kizima. Kama hujafanyiwa kipimo hiki, omba ufanyiwe, kwa sababu wako akina mama wachache wenye tundu mahali pawili, kibofu na mrija kwa pamoja, na CT peke yake inaweza kuliacha moja.

Sasa, iliharibika vipi? Kila figo ina mrija wake unaoshuka hadi kwenye kibofu, urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi, wembamba wa milimita tatu au nne. Chukua kalamu ya kawaida, vuta kile kijiti cha wino cha ndani: ndio ukubwa wenyewe. Mrija huu hauachi mkojo udondoke tu. Una misuli yake, unajikamua wimbi baada ya wimbi, na ukiugusa kidogo kwa chombo wakati wa upasuaji unauona ukijongea kama mnyoo. Karibu na shingo ya kizazi, mshipa mkubwa wa damu wa kizazi unapita juu yake, kama sentimita mbili tu kutoka pale tunapokata. Tunafundishwa tangu chuoni kwamba maji yanapita chini ya daraja: maji ni mrija, daraja ni mshipa. Uvimbe mkubwa ukiwa umesukuma kila kitu pembeni, daraja halipo tena mahali pake, na damu ikianza kutoka kwa nguvu daktari anabana na kufunga haraka ili kukuokoa. Uzi unaweza kuukumba mrija, au koleo likaubana, au chombo cha kuchomea mishipa kwa umeme kikauchoma kwa pembeni bila mtu kuona.

Ndiyo maana ulikaa siku saba ukiwa mkavu. Mrija uliobanwa au kuchomwa hautoboki siku hiyo. Nyama yake inakosa damu, inakufa polepole, halafu baada ya wiki moja au mbili inaachia, na mkojo unatafuta njia. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba, kweli, huenda kitu kimefungwa, lakini kilichofunga ni uzi wa hospitali, na uzi unafunguliwa na daktari. Sisemi hivyo kumdharau. Wazee wetu wanatafuta maelezo pale ambapo sisi wenye koti jeupe tumenyamaza, na wewe inaonekana hukuelezwa. Una haki ya kuelezwa. Jeraha la aina hii hutokea hata mikononi mwa madaktari wazuri, mara moja au chini ya hapo katika kila 100 ya upasuaji wa kizazi, hivyo sitamhukumu aliyekupasua bila kuona maandishi yake. Lakini rudi pale, uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Atakayekutengeneza anaihitaji sana.

Turudi kwenye figo, maana hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi yako. Umeambiwa damu inaonyesha figo ziko sawa. Kipimo kile, kreatinini, kinajumlisha kazi ya figo zote mbili. Mtu mwenye figo moja nzima na nyingine iliyokufa kabisa anaweza kupata majibu mazuri, kwa kuwa ile nzima inabeba mzigo wa mwenzake. Kwa hiyo majibu yako yanasema kuhusu figo ya kulia, na kuhusu ya kushoto hayasemi kitu. "Imejaa maji" maana yake mkojo unakwama, unarudi nyuma, unaitanua figo na kukandamiza nyama yake. Figo iliyozibwa kabisa huanza kupoteza nguvu ndani ya wiki chache, na kinachopotea kwa muda mrefu hakirudi chote.

Wewe una bahati moja ambayo inakukera kila siku: unavuja. Figo ambayo mkojo wake unatoka, hata kama ni kwa njia mbaya, haina shinikizo kama ile iliyofungwa kabisa, na mkojo kutoka ni dalili kwamba bado inafanya kazi. Ndiyo maana nakuomba jambo ambalo wagonjwa wengi hulishangaa. Ukiamka asubuhi moja ukajikuta umekauka ghafla, usishangilie kwanza. Inawezekana kovu limeuziba mrija wote, na figo sasa haina pa kutolea. Nenda upigwe skani ya tumbo siku hiyo hiyo au kesho yake, hasa kama ubavu unauma.

Na jirani yako, kwa nia njema, amekosea. Ukipunguza maji mkojo unakuwa mkali, unachoma ngozi, unanuka zaidi, na vijidudu vinapata makao. Kunywa kama kawaida. Osha kwa maji safi, kausha taratibu, paka mafuta mazito ya kujipaka mapajani kabla ya kuvaa pedi. Hayo hayakuponyi, ila yatakufikisha kwenye upasuaji ukiwa na ngozi nzima.

Hatua ya kwanza basi, bila kujali nani atakupasua na lini, ni kuitoa figo kwenye shinikizo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, kisha kusukuma waya laini uingie kwenye mrija ulioumia, uvuke jeraha, na juu ya waya huo tuweke stenti, yaani kijirija laini cha plastiki kilichojikunja ncha zote mbili, moja ndani ya figo na nyingine kibofuni. Waya ukivuka, wako akina mama ambao jeraha hujifunga lenyewe juu ya stenti ndani ya wiki sita hadi nane, wakaepuka kisu. Kwa wiki tisa ulizokwisha kukaa, nafasi hiyo imepungua kwa sababu kovu limeshakomaa, lakini inafaa kujaribiwa. Waya ukikataa, tunaingia kwa nyuma: ganzi mgongoni, skani inatuonyesha figo, tunapitisha mrija mdogo unaotoa mkojo kwenye mfuko wa nje. Hakuna anayeupenda mfuko huo. Lakini mara nyingi nguo zinakauka, figo inapumua, na wewe unapata muda wa kuchagua vizuri badala ya kukimbizwa.

Kuhusu miezi mitatu: ushauri huo si wa kubuni. Ulitoka hasa kwenye fistula ya uzazi, ile ya mama aliyekaa siku mbili tatu akisukuma mtoto asiyetoka, ambapo kichwa cha mtoto kimeua nyama eneo kubwa. Pale ni lazima nyama iliyokufa ianguke na uvimbe utulie kwanza. Jeraha la kisu au uzi ni dogo na lina mipaka, na siku hizi wengi tunalitengeneza mapema kama hakuna usaha wala maambukizi. Daktari wako wa tatu hajakosea sana, hasa kwamba umebakiza wiki chache tu kufika huko. Kosa lingekuwa kungoja huku figo imejaa maji na hakuna mrija wowote wa kuitoa.

Halafu upasuaji wenyewe. Watu wengi hufikiri tutatafuta pale palipotoboka na kushona kiraka. Kwa mrija ulioumia karibu na kibofu, kama ninavyodhani wako ulivyo, hatufanyi hivyo. Nyama ya pale imekwisha kunyimwa damu. Ukiishona itaachia tena. Tunaufuata mrija juu ya jeraha hadi tunapoona nyama nzima inayotoa damu ikikatwa, tunaukata hapo, kile kipande kibovu tunakiacha, na tunaupanda upya kwenye kibofu mahali pengine. Mrija ukiwa mfupi, tunakivuta kibofu juu na kukishikiza kwa uzi kwenye msuli mkubwa wa ubavuni mwa uti wa mgongo. Bado ukipungua, tunakata ulimi wa nyama ya kibofu chenyewe na kuukunja uwe bomba, mbinu aliyoieleza Boari mwaka 1894 na ambayo tunaitumia hadi leo. Masharti ya kupona ni yale yale miaka yote: mshono usivutwe, nyama iwe na damu, maji yasipenye. Tukimaliza tunajaza kibofu maji kama mililita 200 na kukaa kimya tukitazama mshono. Tone moja likitokea, uzi mwingine unaongezwa.

Hayo yote yanaweza kufanyika kwa kupasua tumbo, na yanaweza kufanyika kwa matundu madogo. Unalazwa kwa nusu kaputi, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kuwe na nafasi, kamera inaingia kitovuni, na vyombo vinapita kwenye matundu matatu au manne ya milimita tano hadi kumi. Kuupanda mrija upya kwenye kibofu kwa njia hii kumeripotiwa tangu 1994, kwa hiyo hujaribiwi kitu kipya. Lakini elewa kwamba tundu dogo ni mlango tu. Ndani kazi ni ile ile, mshono ule ule, na matokeo ya muda mrefu yanalingana: kwa njia zote mbili, mikononi mwa daktari aliyezoea, zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi hupona.

Tofauti iko kwenye safari ya kupona. Kwa matundu madogo maumivu ni machache, damu inayopotea ni kidogo, unaweza kutoka wodini siku ya pili au ya nne badala ya kukaa wiki nzima, na kwa mtu anayeishi kwa kuuza sokoni, kila wiki ina bei yake. Upande wa pili, upasuaji wenyewe huchukua saa nyingi zaidi, unahitaji mtaalamu wa usingizi mwenye vifaa vya kufuatilia gesi hiyo, umeme usiokatika, na daktari anayeweza kushona ndani ya tumbo akitazama skrini. Kushona ndiko kugumu. Kuna madaktari wanaotoa kidole tumbo kwa kamera kila wiki na hawajawahi kupanda mrija wa mkojo kwa njia hiyo. Kovu la upasuaji wako wa kwanza pia linaweza kuwa limegandisha utumbo pale pale tunapotaka kuingia, na ikiwa hivyo tutafungua tumbo katikati ya safari. Hilo likitokea si kushindwa. Daktari anayekataa kufungua wakati inabidi ndiye wa kuogopwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ungekuwa dada yangu wa tumbo moja, ningesema: mchague daktari kabla ya kuchagua tundu. Nikiwa na mmoja aliyepanda mirija mingi kwa kupasua, na mwingine mwenye kamera nzuri lakini hii ni ya tatu kwake, ningekupeleka kwa wa kwanza bila kusita. Nikimpata mwenye uzoefu wa kamera, ningekuchagulia matundu madogo bila kusita vilevile. Muulize kila mmoja kwa upole ameshafanya ngapi za aina hii, atafanya nini kamera ikishindwa, na nani atakutoa stenti. Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Utasikia pia habari za roboti. Ni matundu madogo yale yale, ila daktari anaongoza mikono ya mashine; kwa kazi kama yako usiuze kiwanja ukaifuate nje ya nchi.

Kuhusu pesa, hospitali za serikali Uganda ziliondoa malipo mwaka 2001 isipokuwa wodi za kulipia, ingawa mara nyingi utajikuta unanunua nyuzi, stenti au dawa. Mrija unaovuja ukeni huhesabiwa katika familia ya fistula, kwa hiyo ulizia hospitali zenye huduma hiyo: Mulago ya Kampala upande wa wanawake, Kitovu kule Masaka, Mbarara, au Hospitali ya Terrewode ya Soroti iliyofunguliwa 2019. Kwako wewe Soroti ni njia ya Tororo na Mbale, huna haja ya kupita Kampala. Usifunge safari kabla ya kupiga simu na kueleza kwamba ni mrija wa figo, si kibofu, ili ujue kama daktari wa kazi hiyo yupo na siku gani.

Kuna hali ambayo haingoji simu wala barua ya rufaa. Homa na kutetemeka kwa baridi, ubavu wa kushoto kuuma sana, kutapika, au mkojo wa kawaida kupungua ghafla: figo iliyozibwa ikiingiwa na vijidudu inaweza kuua mtu ndani ya siku moja au mbili. Panda gari usiku huo huo, nenda hospitali kubwa iliyo karibu, na uwaambie mara moja kwamba una figo iliyoziba. Vidonge vya antibayotiki kutoka duka la dawa havitoshi hapo, kwa sababu usaha uliofungiwa lazima utolewe.

Sokoni utarudi. Baada ya upasuaji utakaa na mpira wa mkojo siku saba hadi kumi na nne, na stenti wiki nne hadi sita. Stenti itakufanya uhisi haja mara kwa mara na kuchomwa kidogo ubavuni ukikojoa; hiyo ni kawaida yake. Kukaa kwenye meza yako na kupokea pesa unaweza mapema, hata wiki ya tatu ukijisikia vizuri. Kubeba robota la mitumba, hapana, mpaka wiki sita zipite, na tendo la ndoa lisubiri muda huo huo. Mweleze mume mapema ili asidhani unamkwepa. Kisha skani ya figo baada ya miezi mitatu, na nyingine baada ya mwaka hata kama husikii chochote, kwa kuwa mshono unaweza kubana polepole bila kuuma.

Stenti yenyewe usiisahau. Nimempokea mama aliyekuwa amepona kabisa, mkavu, mwenye furaha, akaona hakuna haja ya kurudi kutolewa. Baada ya miaka miwili ilikuwa imegeuka jiwe kuanzia figo hadi kibofu, na ilituchukua upasuaji mara mbili kuiondoa. Siku ya kuwekewa, muulize daktari tarehe ya kuitoa na gharama yake, uitenge pesa hiyo kabla hujalazwa. Iandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na umwambie binti yako au dada yako aiandike kwenye simu yake pia.